"Mwenye kuvumilia hata mwisho": Kanisa Katoliki linafundisha nini hasa kuhusu thawabu ya kudumu katika imani?

Mwanakigango (mleta mada)

Tumsifu Yesu Kristo, wadau.

Kwenye misa za mazishi sentensi moja haikosekani: "Marehemu amevumilia hata mwisho, sasa amekwenda kuchukua taji yake." Anayeisema ana nia njema. Tatizo ni hesabu wanayoondoka nayo wasikilizaji: miaka ya jumuiya, zaka, mifungo ya Kwaresima, vyote vinajumlishwa, halafu siku ya kufa Mungu anatoa kiinua mgongo. Hilo silo fundisho la Kanisa. Na lile la upande wa pili, kwamba Mungu hatoi thawabu yoyote kwa kuwa kila kitu ni neema, nalo silo.

Maandiko hayaoni haya kutaja malipo. Mt 24:13: "Lakini mwenye kuvumilia hata mwisho, ndiye atakayeokoka." Yak 1:12 inamwahidi taji ya uzima astahimiliye majaribu. Ufu 2:10, kwa Wakristo wa Smirna waliokuwa wakisubiri kutupwa gerezani: "Uwe mwaminifu hata kufa, nami nitakupa taji ya uzima." Ebr 10:35-36 inasema ujasiri wetu una thawabu kuu, kisha papo hapo inaongeza kuwa tunahitaji saburi ili tuipate ahadi. Paulo katika 2 Tim 4:8 anaiita "taji ya haki", na anayeitoa anamwita mhukumu mwenye haki. Anayedai Biblia haijui thawabu ana mistari mingi ya kufuta.

Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) uliyapanga haya katika kikao cha 6, tarehe 13 Januari 1547, kwenye hati juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mtu anavyofanywa mwenye haki mbele ya Mungu, yenye sura 16 na kanuni 33. Isome ukiwa na swali hili moja, utaona inatenganisha mambo matatu ambayo sisi tunayachanganya.

La kwanza ni neema ya mwanzo, inayomtoa mtu dhambini na kumfanya mwana wa Mungu. Hakuna anayeistahili, si kwa matendo wala kwa imani iliyotangulia (sura ya 8, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, KKK, namba 2010). La pili ni ongezeko la neema na uzima wa milele wenyewe. Aliye katika neema ya utakaso, yaani asiye na dhambi ya mauti, akitenda mema kwa nguvu ya neema hiyo, anastahili kweli (kanuni ya 32). Kanuni ya 26 inampinga waziwazi anayesema wenye haki wasitarajie thawabu ya milele kwa matendo yao mema, hata wakidumu kutenda mema na kushika amri mpaka mwisho. La tatu ndilo linalosahaulika: kule kudumu kwenyewe hadi pumzi ya mwisho. Sura ya 13 inaita kudumu huko zawadi, isiyotoka kwingine ila kwa yule awezaye kumsimamisha aliyesimama ili adumu, na kumwinua aliyeanguka. Zawadi hiyo hata mtakatifu haidai. Anaiomba.

Kwa hiyo thawabu ni ya kweli, lakini sharti lake kubwa, yaani kufa katika neema, halimo katika orodha ya vitu ambavyo binadamu anaweza kumdai Mungu. Karibuni.

Sola_Gratia

Mkuu, nashukuru kwa uzi wenye vifungu, si vijembe. Mimi ni Mprotestanti na swali langu ni fupi. Rum 6:23 inasema mshahara wa dhambi ni mauti, "bali karama ya Mungu ni uzima wa milele". Karama. Na Bwana mwenyewe katika Lk 17:10 anatufundisha kusema, "Sisi tu watumwa wasio na faida, tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Sasa mastahili, yaani kustahili thawabu kwa matendo, yanaingilia wapi? Ukishasema mtu anastahili, umeshaiua karama.

Mseminari_wa_Kusini

@Sola_Gratia swali lako ni la zamani, na aliyelijibu vizuri kuliko wote ni Mtakatifu Augustino, askofu wa Kanisa la kale, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Trento. Kuhusu Rum 6:23 anakubali kabisa kwamba Paulo angeweza kuandika "mshahara wa haki ni uzima wa milele", lakini akachagua neno karama ili tuelewe kwamba hata ile haki inayolipwa ilitoka kwa Mungu. Katika barua yake ya 194 kwa Sixtus anasema Mungu anapotuza mastahili yetu hatuzi kingine ila zawadi zake mwenyewe. Sentensi hiyo si pambo tu. Sura ya 16 ya Trento inalibeba wazo hilohilo: wema wa Mungu ni mkubwa kiasi kwamba anataka vile vilivyo zawadi zake vihesabiwe kuwa mastahili yetu.

Mtaguso wa pili wa Orange, mwaka 529, uliweka mpangilio huu katika kanuni ya 18: matendo mema yakitendeka yanastahili thawabu, ila neema isiyostahiliwa inatangulia ili yatendeke. KKK 2007 inakaza zaidi: mbele ya Mungu, kwa maana kali ya sheria, binadamu hana haki ya kudai chochote. Haki iliyopo imetokana na ahadi. Mungu aliahidi kwa hiari yake, naye si mwongo. Ndiyo maana Ebr 6:10 inathubutu kusema Mungu "si dhalimu" hata aisahau kazi yenu.

Lk 17:10 basi haipingani na hili. Mtumwa anaposema hana faida, anasema kweli juu ya kile alichonacho cha kwake. Bwana anapomwandalia meza, anatimiza alichoahidi. Maneno hayo ni ya mtumwa kujisemea. Bwana alipozungumza na watumwa wa talanta, aliwaambia "vema, mtumwa mwema na mwaminifu".

Na tusisahau: tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Aya ya 38 inaeleza kwamba Wakatoliki wanaposema matendo mema "yana mastahili", wanamaanisha kwamba Maandiko yameyaahidia thawabu mbinguni, na wanataka kukazia wajibu wa mtu, bila kukana kuwa matendo hayo ni zawadi. Wametodisti walijiunga na tamko hilo mwaka 2006. Tofauti bado zipo, lakini mtu anayegombana leo kana kwamba 1999 haikutokea amechelewa kidogo.

Sola_Gratia

Hapo umenijibu kwa heshima. Lakini bado kuna hoja ya uhakika. Yn 10:28: "wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Na 1 Yoh 5:13 inasema tumeandikiwa ili *tujue* kwamba tuna uzima wa milele. Mkatoliki anajua au anabahatisha?

Mwanakigango

Habahatishi, anatumaini, na katika imani hivi viwili viko mbali sana.

Yn 10:28 inamzungumzia mpokonyaji wa nje. Haisemi kwamba kondoo hawezi kutoka mwenyewe. Angalia mistari iliyoandikiwa watu waliokwisha kuamini: Kol 1:23, "mkidumu tu katika ile imani", Rum 11:22, ukikaa katika wema wake, "kama sivyo, wewe nawe utakatiliwa mbali", Yn 15:6, tawi lisilokaa ndani ya mzabibu hutupwa nje. Tawi hilo halikuwa la bandia, lilikuwa ndani ya mzabibu. Paulo mwenyewe katika 1 Kor 9:27 anautesa mwili wake asije akawa mtu wa kukataliwa baada ya kuwahubiri wengine. Paulo huyo! Na Ufu 3:11: "Shika sana ulicho nacho, asije mtu akaitwaa taji yako."

Kanuni ya 16 ya Trento inasema hakuna awezaye kudai uhakika kamili usiokosea kwamba atapata zawadi ya kudumu hadi mwisho, isipokuwa amefunuliwa na Mungu kwa namna ya pekee. Uhakika wa kawaida wa dhamiri, wa mtu anayesema "sijui dhambi ya mauti niliyonayo, namtumaini Mungu", haukatazwi. Yohane anaandika juu ya huo, na sura nzima inayotangulia mstari wako inataja alama zake: kushika amri na kupendana. Yoana wa Arc, msichana mtakatifu wa Ufaransa, alipotegwa na mahakimu wake mwaka 1431 wakimuuliza kama yuko katika neema ya Mungu, alijibu: kama simo, Mungu anitie, kama nimo, Mungu anihifadhi humo. KKK 2005 inalinukuu jibu hilo, na sijaona lililo bora.

Kwa taarifa tu: makanisa mengi ya kipentekoste hapa Afrika Mashariki nayo yanahubiri kwamba mtu anaweza kurudi nyuma na kupotea. Fundisho la "ukiokoka huwezi kupotea tena" ni la baadhi tu ya Waprotestanti. Kwa hiyo kwenye kipengele hiki mlokole wa mtaani kwenu huenda yuko karibu na Trento kuliko anavyodhani.

Katekista_Kanda

Naomba nishuke chini kidogo, kwa ajili ya wanaofundisha wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na watoto wa Kipaimara. Tendo lenye mastahili kwa uzima wa milele lina masharti, na moja likikosekana mambo yanabadilika:

Mtendaji awe bado hai duniani. Baada ya kufa hakuna kustahili tena, na hata roho za toharani hazijiongezei thawabu, zinatakaswa tu. Awe katika neema ya utakaso. Tendo liwe jema lenyewe, liwe la hiari, na litokane na upendo kwa Mungu, hata kama wakati huo hamuwazi Mungu, mradi nia aliyoiweka haijafutwa. Ndiyo maana tunafundisha kutolea siku nzima asubuhi. Nia ile ya asubuhi inaibeba kazi ya shambani na ya dukani mpaka jioni.

Makosa ninayoyasikia mara nyingi ni haya. Kuna anayedhani sadaka kubwa aliyoitoa akiwa katika dhambi ya mauti inamfungulia mbingu. Haimfungulii. Haikupotea pia, kwa sababu inamwandaa aongoke na kumwombea huruma ya Mungu, lakini ni lazima arudi kwenye kitubio kwanza. Kuna anayepima thawabu kwa ugumu: kadiri lilivyomchosha ndivyo lilivyo kubwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa Zama za Kati, hakubali. Kinachopima ni upendo, na wema wa tendo unahesabika kuliko ugumu wake (kitabu chake Summa Theologiae, sehemu ya II-II, swali 27, kifungu 8). Mama anayemgeuza mgonjwa kitandani usiku kwa upendo hajapungukiwa na yeyote aliyefunga siku 40 kwa sifa. Na huyo wa sifa Mt 6 imeshammalizia habari yake: wamekwisha kupata thawabu yao.

Kisha kuna kosa la kudhani kwamba "kudumu katika imani" ni kutohama dhehebu. Sura ya 15 na kanuni ya 28 za Trento zinasema kwa dhambi ya mauti mtu anapoteza neema ingawa imani inaweza kubaki. Imani hiyo ni ya kweli, lakini haina uhai. Mtu anaweza kuwa Mkatoliki wa kadi, mwenyekiti wa kamati, haamini uzushi wowote, na bado asiwe amedumu kwa maana ya Mt 24:13.

Tunu_ya_Ziwa

Wakuu, hapo kwenye kupoteza neema. Ezekieli 18:24 inasema mwenye haki akighairi na kutenda uovu, haki yake yote haitakumbukwa. Mtu amesali miaka 40, akaanguka vibaya, akaungama, akafa mwezi uliofuata. Ile miaka 40 imekwenda? Anaanza na mwezi mmoja?

Mseminari_wa_Kusini

Dada Tunu, haijakwenda. Tomaso anaijadili katika Summa, sehemu ya III, swali 89, kifungu 5. Matendo aliyotenda mtu akiwa katika neema, yakifishwa na dhambi ya baadaye, hayajafutika mbele ya Mungu. Yanakosa tu nguvu ya kumfikisha mbinguni, kwa sababu mwenyewe hayuko njiani. Toba ikiondoa kizuizi, yanahuika. Ezekieli anazungumza juu ya anayekufa katika uovu wake, na mstari wenyewe unamalizia hivyo: katika dhambi yake aliyoitenda, atakufa.

Kinachofariji ni kwamba kinyume chake hakipo. Dhambi iliyosamehewa hairudi, hata mtu akianguka tena. Mema yanafufuka, mabaya yaliyosamehewa hayafufuki.

Ila angalia pia matendo yaliyotendwa *wakati* wa dhambi ya mauti. Hayo hayahuiki, maana hayajawahi kuwa na uhai. Kwa hiyo mtu akikaa miaka 10 bila kuungama huku anajenga makanisa, asidhani siku ya kitubio ile miaka inahesabiwa kwa kurudi nyuma. Ndiyo maana kuchelewesha maungamo ni hasara hata kwa yule ambaye hatakufa kesho. Sheria ya chini kabisa ni mara moja kwa mwaka kwa mwenye dhambi nzito (kanuni ya 989 ya Sheria za Kanisa), lakini hicho ni kiwango cha chini, si ratiba.

Mpita_Njia

Nasoma kimyakimya. Endeleeni.

Ndala_Njano

Swali la kizembe: kama ni dinari moja kwa wote (Mt 20), aliyefanya kazi tangu alfajiri na aliyeingia saa kumi na moja, kudumu muda mrefu kuna maana gani? Si bora nije jioni?

Mwanakigango

Si la kizembe, linaulizwa kila mwaka somo hilo likisomwa. Augustino anajibu kwamba dinari ni uzima wa milele, nao hauna mrefu wala mfupi, kwa hiyo wote wanapata ule ule. Lakini ndani ya uzima huo kuna tofauti ya utukufu. Mtaguso wa Firenze mwaka 1439 ulifafanua kwamba watakatifu wanamwona Mungu mwenyewe, mmoja kwa ukamilifu kuliko mwingine, kadiri ya tofauti ya mastahili. Lk 19 inatupa mtumwa wa miji kumi na wa miji mitano. Na kama alivyosema katekista, kipimo ni upendo, si miaka.

Tazama Namugongo, Uganda, walikouawa wafiadini. Kizito alikuwa kijana mdogo, akabatizwa na Karoli Lwanga mwenyewe siku chache kabla ya kuuawa. Lwanga naye alikuwa amebatizwa Novemba 1885, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto. Ukristo wake wa ubatizo haukufika hata mwaka. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wafiadini 22 wa Uganda tarehe 18 Oktoba 1964. Hawa ni wa saa kumi na moja kwa saa ya dunia, na bado hakuna Mkatoliki mwenye miaka 70 ya ubatizo anayethubutu kujiweka juu yao. Lakini pia walidumu kweli: walitembezwa hadi Namugongo na kuwekwa wakisubiri wiki nzima huku kuni zikikusanywa, na kila siku ya hiyo wiki mlango wa kukana ulikuwa wazi.

Anayepanga kuja jioni anasahau kwamba wale wa saa kumi na moja walisema hawakuajiriwa. Hawakuwa wameitwa asubuhi wakakataa. Na saa kumi na moja yako huijui iko lini. KKK 2092 inaitaja dhambi hii kwa jina lake, kujiaminisha isivyo halali: kutumaini msamaha bila kuongoka na utukufu bila mastahili. Kifungu hicho hicho kinataja na aina ya pili, kujitegemea mwenyewe kana kwamba mtu anaweza kujiokoa bila msaada wa juu. Yule wa kiinua mgongo yumo katika aina hii ya pili.

Tunu_ya_Ziwa

Sasa kama kudumu hadi mwisho hakustahiliwi, na kunaombwa tu, kunaombwaje? Kuna novena (sala ya siku tisa) yake?

Mseminari_wa_Kusini

Hapa ndipo ningependa watu wakae kidogo, maana tunaomba kudumu huko kila siku bila kujua.

Mwaka 428 au 429 hivi, Augustino aliandika kitabu kizima juu ya zawadi ya kudumu, akiwajibu wamonaki wa kusini mwa Galia, Ufaransa ya leo, waliodhani mtu anaweza kuanza au kumaliza kwa nguvu zake. Hoja yake kubwa ni Sala ya Bwana. Anamchukua Sipriani wa Karthago, shahidi wa karne ya 3, aliyekuwa amekwisha kueleza kwamba ombi la kwanza linawahusu waliobatizwa tayari: tunaomba utakatifu tulioupokea udumu ndani yetu. Kisha Augustino anapita ombi baada ya ombi akionyesha kwamba karibu yote yanaomba kudumu. Na kama tunaliomba kwa Mungu, basi ni Mungu anayelitoa, la sivyo sala yetu ni mzaha. "Usitutie katika kishawishi" ndilo lililo wazi kuliko yote. KKK 2849 inasema ombi hili linapata uzito wake wote katika kishawishi cha mwisho cha mapambano yetu hapa duniani, na kwamba linaomba udumifu wa mwisho.

Salamu Maria: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu". Rozari ya matendo matano ina Salamu Maria 50 katika makumi yake, na 3 za mwanzo. Kwa hiyo mtu ameiombea saa yake ya kufa mara 53 kabla ya kulala.

Halafu Sala ya Tumaini, ambayo watoto wanaijua kwa kichwa na watu wazima wameiacha: "natumaini kwako, nitapewa kwa njia ya Yesu Kristo, neema zako duniani na utukufu mbinguni. Kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini." Ichambue. Inataka vitu viwili, neema hapa na utukufu kule, kwa mpangilio huo. Sababu ya kutumaini si kwamba nimejitahidi. Ni kwamba Mungu ameagana nasi naye ni mwaminifu. Sura ya 13 na ya 16 za Trento zimekaa ndani ya sala ya mistari minne.

Mtakatifu Alfonsi wa Liguori (1696–1787) alisisitiza kwamba neema hii iombwe kila siku, kwa sababu kila siku kuna uwezekano wa kuanguka. Novena moja ya miaka mitatu iliyopita haitoshi.

Chipukizi_Moyo

Na Ijumaa tisa za Moyo Mtakatifu? Si zile zimeahidiwa moja kwa moja kwamba hutakufa bila neema?

Katekista_Kanda

Afadhali umeuliza, maana hapa pana upotoshaji mwingi.

Ahadi inahusishwa na Mtakatifu Margareta Maria Alacoque wa Paray-le-Monial, Ufaransa, karne ya 17, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1920. Utaratibu wake: kupokea Komunyo Takatifu Ijumaa ya kwanza ya mwezi, miezi 9 mfululizo, ukiwa katika neema, kwa nia ya kuufariji na kuulipia fidia Moyo wa Yesu. Ukiruka mwezi mmoja, unaanza upya. Ahadi ni neema ya toba ya mwisho: kutokufa katika uadui na Mungu wala bila kupokea sakramenti.

Upotoshaji wa kwanza ni kufanya maungamo ya haraka haraka mwanzoni, kisha kupokea Komunyo miezi 9 bila kujichunguza. Komunyo iliyopokelewa katika dhambi ya mauti haihesabiki. Tena ni kufuru, 1 Kor 11:27-29. Wa pili ni kufika ya tisa na kusema "nimemaliza". Huu ni ufunuo binafsi. KKK 67 inasema aina hiyo si sehemu ya hazina ya imani, kazi yake ni kusaidia kuiishi. Haiwezi kuifuta kanuni ya 16 ya Trento. Kanisa linauheshimu utaratibu huu kwa sababu anayeufanya kwa moyo anazoea kuungama na kupokea mara kwa mara, na hiyo ndiyo njia ya kawaida ambayo kwayo Mungu anamdumisha mtu. Asiyebadilika baada ya Ijumaa tisa hakuzifanya Ijumaa tisa, alihudhuria.

Zamu_ya_Usiku

Niongeze upande wa kitandani, maana uzi umekaa juu sana na watu wanakufa wodini.

Mgonjwa anapozidiwa, mpangilio wa sakramenti ni huu: Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, kisha Viatiko, yaani Komunyo ya safari ya mwisho (KKK 1525). Kinachoharibu ni familia kusubiri. Wanaogopa kumwita padre "asije akamtisha mgonjwa", wanamwita akiwa hajitambui. Kwa aliyepoteza fahamu maungamo hayawezekani tena, na Komunyo haiwezekani asipoweza kumeza. Kinachobaki ni ondoleo la dhambi na Mpako. Mpako unaweza kupewa asiye na fahamu, ikiwa alipokuwa na akili zake angeuomba walau kwa namna isiyo wazi (kanuni ya 1006 ya Sheria za Kanisa). Ukiwepo wasiwasi kama amekwisha kufa, apewe (kanuni ya 1005). Aliyekwisha kufa kwa hakika hapakwi. Anaombewa.

Shemasi hawezi kupaka wala kuungamisha, msipoteze muda. Komunyo anaweza kuleta. Na padre yeyote, hata aliyesimamishwa, anaweza kumwondolea dhambi aliye katika hatari ya kufa (kanuni ya 976). Aliyepokea Komunyo asubuhi, akipata ajali jioni, anahimizwa apokee tena kama Viatiko (kanuni ya 921).

Padre hapatikani? Mambo mawili. Majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu kuliko vyote, yanaondoa hata dhambi ya mauti yakiambatana na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana (KKK 1452). Kwa hiyo msomee mgonjwa Sala ya Kutubu polepole sikioni, hata kama hajibu: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako, kwani ndiwe mwema…" Sikia sababu ya majuto hapo: kwa kuwa ndiwe mwema. Haianzi na kuogopa moto.

La pili: Kanisa linatoa rehema kamili (kuondolewa adhabu ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) saa ya kufa kwa mwamini aliye na moyo uliojiandaa, hata padre asipokuwepo, mradi katika maisha yake alikuwa na mazoea ya kusali sala fulani. Masharti matatu ya kawaida, yaani kitubio, Komunyo na kuombea nia za Baba Mtakatifu, Kanisa lenyewe linayafidia. Inapendekezwa kutumia msalaba. Mwekeeni msalaba mkononi. Na zingatieni hilo sharti la mazoea ya kusali: haliwezi kutimizwa na ndugu waliozunguka kitanda, mgonjwa alipaswa kuwa amelitimiza tangu zamani.

Sola_Gratia

Sikubaliani na kila kitu, hasa rehema. Lakini nimeelewa kwamba hamfundishi nilichodhani mnafundisha. Mungu awabariki.

Mwanakigango

Nawe pia ndugu. Rehema tuzifungulie uzi wake, ukizileta hapa huu hautaisha.

Chipukizi_Moyo

Katekista, moja la mwisho. Ijumaa ya kwanza ikiangukia Ijumaa Kuu, hakuna misa. Mfululizo unakatika?

Katekista_Kanda

Haukatiki. Aprili 2026 ndivyo ilivyo, Ijumaa ya kwanza ni tarehe 3 na ndiyo Ijumaa Kuu. Misa haipo, lakini Komunyo ipo: inatolewa ndani ya ibada ya Mateso ya Bwana ya alasiri, baada ya kuabudu Msalaba, kwa hostia zilizogeuzwa Alhamisi Kuu. Kinachotakiwa kwenye Ijumaa tisa ni Komunyo. Siku hiyo nje ya ibada hiyo Komunyo hawapewi isipokuwa wagonjwa wasioweza kufika, kwa hiyo usikae nyumbani ukitegemea kupita parokiani jioni. Na ungama kabla ya Juma Kuu, foleni za siku zile unazijua.